Lishe ya PCOS: Anzeni na Dumu la Mafuta

Dada zangu, mama zangu, na nyinyi kina baba wachache mliosindikiza wake zenu, asanteni. Ugonjwa wenyewe, PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, siurudii. Daktari aliyenitangulia ameshaeleza habari ya hedhi kupotea miezi, ndevu, chunusi, na jinsi insulini, homoni inayoshughulikia sukari, ikizidi mwilini inavyozisukuma ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Mimi naingia jikoni.

Nianze kwa kuwavunja moyo: lishe ya PCOS haipo. Mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huu, ule wa 2018 na uliohuishwa 2023, ulipitia tafiti za lishe za kila namna, za wanga kidogo, za protini nyingi, za mafuta kidogo, na haukukuta hata moja inayozishinda nyingine. Kinachopunguza uzito ni kula pungufu ya mahitaji ya mwili kwa miezi, si kwa wiki mbili. Kwa hiyo anayekuuzia "ratiba maalumu ya PCOS" kwenye grupu la WhatsApp, kuku wa kuchemsha na brokoli asubuhi na jioni, amekuuzia brokoli. Wewe unakaa Mbagala, brokoli ya kila siku utaitoa wapi? Mchicha upo, matembele yapo, kabichi ipo.

Mpango unachaguliwa kwa swali moja tu: miezi sita kuanzia leo nitakuwa bado naufuata? Siku ya msiba, siku ya harusi, siku mshahara umeisha? Kama huoni hivyo, usiuanze.

Najua mnachotaka kusema. "Mbona jirani kapungua kilo tano kwa wiki mbili, kaacha wanga kabisa?" Kapungua, sikatai. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshika maji kama gramu tatu. Ukikata wanga ghafla akiba inaisha, maji yanatoka kwa mkojo, mzani unashuka. Siku akila pilau ya harusi, maji yanarudi. Hapo anaapa kwamba wali ndio adui yake.

Na hapa ndipo huwa nagombana na watu. Kila anayetaka kupungua anaanza kwa kukata ugali. Anakula matonge mawili, anasikilizia njaa, lakini mboga ya kuteremshia hayo matonge inaogelea kwenye mafuta. Tufanye hesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, mililita 15, kina kama kalori 120. Unga mkavu wa mahindi gramu 100 una kama kalori 350. Maana yake vijiko vitatu vya mafuta vimeshalingana na ugali wa mtu aliyekula akashiba. Na msiniambie "lakini haya ni ya alizeti". Alizeti, mawese, zeituni, nazi, kwa moyo yanatofautiana. Kwa kalori ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa jikoni hakuna anayepima. Tunamimina kwa macho, na macho ya mpishi yana huruma sana. Kwa hiyo pimeni dumu. Siku unafungua dumu la lita 5, chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe ubavuni. Likiisha, hesabu siku. Lita 5 za mafuta ni kama kalori 41,000. Nyumba ya watu wanne, likiisha kwa siku 30, kila mmoja amekula kama kalori 345 za mafuta matupu kwa siku. Hapo hatujahesabu nazi, karanga, wala chipsi za kituoni. Likivutwa hadi siku 60, zimeondoka kalori 170 na zaidi kwa kila mtu, kila siku, na hakuna aliyenyimwa tonge. Upungufu unaohitajika ni kama kalori 500 kwa siku. Theluthi yake imo ndani ya dumu.

Namna ya kulivuta ni hii. Usimimine sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Hamishia kwenye chupa ndogo, chupa imimine kwenye kijiko, kijiko ndicho kiende sufuriani. Mboga ya watu wanne, vijiko viwili. Wengi hushindwa siku ya kwanza kwa sababu kitunguu kinashika chini, wanaongeza mafuta, mpango umekufa. Tatizo ni moto. Punguza moto, tia chumvi kidogo kwenye kitunguu kitoe maji yake, funika, kikianza kukauka ongeza maji kijiko kimoja kimoja, ndipo uweke nyanya. Maharage nayo: watu huyatia mafuta kwa sababu mchuzi ni mwepesi. Ponda upawa mmoja wa hayohayo maharage yaliyoiva, urudishe sufuriani, mchuzi utakuwa mzito wenyewe. Kisamvu, chagua nazi au karanga, si vyote viwili, na nazi iwe tui la pili. Chapati mafuta yanaingia kwenye unga, yanaingia wakati wa kusokota, yanaingia tena kwenye kikaango. Iwe ya Jumapili.

"Mume wangu hatakula mboga kavu." Basi pakua yako kwanza, yake iongezee mafuta mwishoni. Na mnaokula sinia moja, hakuna binadamu anayejua amekula kiasi gani kwenye sinia. Tenga sahani yako, kaa nao palepale, mzungumze.

Sahani yenyewe: nusu mboga za majani au kachumbari, robo protini, yaani samaki, dagaa, kuku bila ngozi, maharage, choroko au dengu, na robo iliyobaki wanga. Ugali uwe kama ngumi yako, ya kwako, si ya mumeo. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi, unachelewa kusikia njaa, lakini kuna watu wakisikia hivyo wanasonga mlima. Kalori za dona na sembe hazipishani kwa maana. Asubuhi badala ya maandazi mawili, mayai mawili ya kuchemsha au maharage ya jana na kipande cha kiazi kitamu. Anayeshinda njaa mpaka saa nne usiku hajapunguza kitu, ameahirisha.

Vinywaji haraka. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37. Juisi ya miwa ni sukari hata ukiikamua mwenyewe, na sukari ya kunywa inapandisha insulini haraka, ndicho tunachokikimbia. Tunda litafune.

Lengo ni asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wako. Mwenye kilo 85 akipunguza 4 na kidogo, hedhi inaweza kuanza kujirekebisha. Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila mtu wa kukusimamia. Njaa kali peke yake inasimamisha hedhi, halafu utasema ni PCOS imezidi. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, mzani uleule, na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Karibu na hedhi maji ya mwili yanaweza kupandisha mzani kilo nzima, usilie. Na mnisikilize vizuri hapa: yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi yoyote. Kama hutaki mimba, tumia uzazi wa mpango tangu mwanzo. Kama unaitaka, anza vidonge vya vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku.

Mwembamba mwenye PCOS, uzito haukuhusu. Sahani inakuhusu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mazoezi: kutembea kwa kasi dakika 250 kwa wiki, gawanyeni wenyewe, na siku mbili za kunyanyua vitu vizito, hata ndoo. Metformini, dawa ya kisukari ambayo baadhi yenu mmeandikiwa, imezwe na chakula kama inakuchafua tumbo, usiiache bila kumwambia daktari, na aliyeitumia miaka aombe kipimo cha vitamini B12. Ngano na maziwa, kama havikudhuru, hakuna sababu ya kuviacha kwa ajili ya PCOS. Ramadhani unaweza kufunga, ila mwenye kisukari anayetumia dawa aonane na daktari wake kabla, na futari isiwe sambusa sita na uji wa sukari. Na maji ya ndimu, maana nimeshaona mkono kule nyuma: kunywa kama unayapenda, hayayeyushi mafuta ya mtu. Haya, maswali mengine.