Kumlea Mtoto wa Mbwa Awe Mbwa wa Tiba: Tuanze Naye Angali Mdogo

Habari zenu watazamaji. Huyu aliyelala miguuni pangu ana wiki 9. Nikijaliwa, akishavuka mwaka mmoja ataingia wodini na kwenye makazi ya wazee, watu wamshike, nyoyo zitulie. Huyo ndiye mbwa wa tiba. Usimchanganye na mbwa anayemwongoza asiyeona: yule humtumikia bwana wake mmoja, huyu hupapaswa na wageni na kazi yake ni kutulia.

Tuanze na kumchagua. Ukienda kuwaona, keti chini, usimwite yeyote. Anayekurukia na kung'ata kamba za viatu anachekesha kweli, lakini mimi namtafuta anayekuja mwenyewe, akanusa, akabaki. Kisha angusha funguo. Akishtuka halafu akarudi kuzichungulia, huyo ni wako. Umbo lisikusumbue. Smoky, Yorkshire Terrier asiyefika hata kilo 2, aliwaliwaza askari majeruhi hospitalini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ila usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8.

Hatua ya pili ndiyo nzito, na muda haukusubiri. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, mtoto wa mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa. Kumbe chanjo zake huwa hazijakamilika mpaka karibu wiki ya 16! Ukimfungia ndani hadi amalize, umechelewa. Kwa hiyo mbebe. Shauriana na daktari wa mifugo, kisha mzungushe akiwa mikononi, asikanyage walipojisaidia mbwa wengine. Aone ndevu, kofia, watoto wanaokimbia, mzee mwenye mkongojo.

Tazama hapa nilivyofanya na kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza kimesimama, yeye anakula vipande vya kuku kando yake. Siku ya pili kinasogea taratibu, kikienda mbali naye. Kumjia ni baadaye kabisa. Sauti nazo ni hivyo hivyo, anzia mbali na kwa kishindo kidogo. Mbwa wangu wa kwanza nilimwangushia sufuria karibu na sikio nikidhani namkomaza. Alikataa kuingia jikoni karibu mwezi mzima, na kosa lilikuwa langu.

Sasa kushikwa. Sikio, sekunde 2, kitu kitamu. Vidole vya miguu, kitu kitamu. Mkia vilevile. Mkono wa mgonjwa hutetemeka au hukaza, na mbwa asikutane nao ghafla siku ya kazi. Halafu kuna jaribio ambalo nalifanya kila siku: mpapase sekunde 3, ondoa mkono, ngoja. Akisogea, endelea. Akigeuza uso, akijilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, akionyesha weupe wa jicho, amekwambia basi. Msikilize. Na akinguruma usimkemee, maana utamfundisha kuuma bila kuonya.

Amri? Chache tu: keti, lala, njoo, acha. Hiyo ya mwisho ndiyo naifundisha kwa bidii zaidi, kwa sababu kidonge kinaweza kuanguka sakafuni mwa wodi na yeye akakimeza kabla hujainama. Ficha kipande cha nyama kwenye ngumi. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Nyamaza. Pua ikirudi nyuma tu, msifu na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kile cha kwanza hakipati ng'o. Akishaelewa, kiweke sakafuni huku kiatu chako kiko tayari kukifunika.

Kurukia watu kukome mapema. Ngozi ya mzee ni nyepesi, ukucha mmoja unaichana. Akiruka, mpe mgongo. Miguu yote minne ikitua chini, ndipo msalimie.

Dakika 5 kwa zamu zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Muda mwingi uliobaki ni wake wa kulala, hata saa 18. Akibalehe, atajifanya hajawahi kusikia neno "njoo" maishani mwake. Usigombane naye, rudi hatua moja nyuma.

Vikundi vingi vya kujitolea humpokea mbwa akishatimiza mwaka, baada ya mtihani. Humo mnapimwa nyote wawili, wewe na yeye, hata unavyoshika kamba.

Siku ya ziara ya kwanza awe ameoga, kucha zimekatwa, amejisaidia nje. Kamba usimwachie mtu. Dakika 15 zinatosha, mwondoe angali anataka kubaki. Mimi na yule wa sufuria tuliingia vyumba viwili tu. Cha tatu alijilaza mlangoni, nikawaaga wenyeji tukarudi nyumbani.