Unbertus na Mafundi Wetu Wasiotajwa

Tumsifu Yesu Kristo. Mlionisikia siku za nyuma mnajua ninakoelekea, lakini nitasema tena, maana vitabu vya jubilei vya parokia zetu bado vinachapishwa vilevile: picha ya askofu, orodha ya maparoko, jina la mfadhili aliyetoa mabati. Basi! Mafundi waliojenga hawatajwi.

Twendeni Saint-Benoît-sur-Loire, kijiji cha Ufaransa kando ya mto Loire. Chini ya altare kuu ya kanisa lake kuna kripta, yaani kanisa dogo la chini ya ardhi, ya karne ya 11. Ukishuka ngazi unakuta nguzo fupi, nene, zimeizunguka nguzo moja kubwa ya katikati, na ndani ya hiyo yamehifadhiwa masalia, yaani mifupa, ya Mtakatifu Benedikto, baba wa watawa Wabenediktini. Watawa wa hapo waliyaleta kutoka Monte Cassino, monasteri yake ya Italia, katika karne ya 7, wakati kule kumebaki magofu. Kanisa lote mnaloliona juu limejengwa kwa ajili ya masalia hayo.

Najua yupo atakayeinua mkono: mbona Monte Cassino nao wanasema mifupa wanayo wao? Ndiyo, wanasema, na ubishi huo una zaidi ya miaka elfu. Haukuwazuia mahujaji. Haukumzuia hata Mfalme Philip I, aliyefariki mwaka 1108 akazikwa hapo kijijini, si Saint-Denis, karibu na Paris, walikozikwa wafalme wengi wenzake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1026 moto uliunguza monasteri ya hapo, iitwayo Fleury. Abati Gauzlin akaanza kujenga mnara, mawe yakaletwa kwa mashua kutoka upande wa Nevers. Mkuu wa mafundi akamwuliza: tujenge kitu cha namna gani? Akajibu: kitakachokuwa mfano kwa Gallia nzima, yaani Ufaransa ya kale. Mtawa Andrea wa Fleury ameliandika jibu hilo. Jina la abati tunalo, maneno yake tunayo. Aliyeuliza swali ameachwa na cheo tu, mkuu wa mafundi! Lakini simama chini ya mnara huo, tazama vichwa vya nguzo. Kimoja, chenye majani yaliyochongwa, kina maneno ya Kilatini: Unbertus alinitengeneza. Fundi huyo alijiandika mwenyewe, kwa patasi.

Watoto wa Benedikto huyohuyo, Wabenediktini wa St. Ottilien ya Ujerumani, walianzisha misheni za Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, kusini mwa Tanzania yetu. Nani alikanyaga udongo? Nani alifyatua matofali, nani alikesha kwenye tanuri, akina mama gani walichota maji? Msiniambie kumbukumbu hazipo. Wajukuu zao wanasali nasi kila Jumapili. Kamati iwaulize hao kwanza, picha ya askofu itafuata.

Naonyeshwa saa. Kwa haraka basi: mwaka 1562 Waprotestanti wa Ufaransa waliipora monasteri. Mapinduzi ya Ufaransa yakawafukuza watawa, makazi yao yakabomolewa, kanisa likabaki la parokia. Mshairi Max Jacob, Myahudi aliyebatizwa, alikamatwa na Wanazi kijijini hapo Februari 1944, akafia kambini Drancy, karibu na Paris, siku chache baadaye. Huyo alistahili mhadhara wake. Mwaka huohuo watawa wakarudi.

Baba Paroko, tupokee maswali. Ambaye babu yake alifyatua matofali ya kanisa hili aanze yeye, na katibu aandike jina.