Dalali wa Dawa Alipwe kwa Lipi? Mhadhara kuhusu Sheria za Marekani

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie bei za dawa nchini Marekani, nami nimechagua kundi moja tu: kampuni zinazokaa kati ya bima, kiwanda na duka la dawa. Nitaziita madalali. Mwajiri au kampuni ya bima humkabidhi dalali kazi ya kupanga orodha ya dawa zitakazolipiwa, kupatana bei na viwanda na kuyalipa maduka. Kazi yenyewe ni halali na inahitaji utaalamu. Ninacholalamikia ni namna anavyolipwa. Kampuni tatu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, zilishughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zilizotolewa kwa cheti cha daktari nchini humo mwaka 2023, na kila moja ina ndugu yake wa bima na famasia zake yenyewe.

Tuanzie kaunta. Mfamasia anapokea cheti, anaingiza maelezo kwenye kompyuta, na papo hapo jibu linarudi: dawa imekubaliwa au imekataliwa, mgonjwa achangie kiasi gani, na duka litalipwa ngapi. Mara nyingine malipo hayo huwa chini ya bei ambayo duka lilinunulia dawa kwa muuzaji wa jumla, na mfamasia hana wa kubishana naye pale kaunta. Asichokiona kabisa ni kiasi ambacho dalali atamdai mwenye bima, yaani yule mwajiri au kampuni ya bima iliyompa kazi, kwa dawa ileile. Tuseme duka limelipwa dola 38 na mwenye bima ametozwa dola 50: zile 12 zimebaki kwa dalali. Katika jimbo la Ohio, mkaguzi wa hesabu alipochunguza Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, alitangaza mwaka 2018 kwamba tofauti ya namna hiyo ilikuwa imefikia dola milioni 224.8 katika mwaka mmoja, na kwa dawa za jenerika, yaani nakala za bei nafuu za dawa zenye chapa, ilimeza takriban asilimia 31 ya fedha zilizotolewa. Jimbo likaagiza mikataba ya aina hiyo ikomeshwe.

Njia ya pili ya mapato haionekani kwa urahisi namna hiyo. Kiwanda kinachotaka dawa yake ipewe nafasi nzuri kwenye orodha humrudishia dalali sehemu ya bei, na kadiri bei iliyotangazwa inavyokuwa kubwa ndivyo cha kurudisha kinavyoongezeka. Tume ya Biashara ya Shirikisho, ilipowashtaki madalali wote watatu Septemba 2024, ilitaja insulini ya Humalog, ambayo bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 21 mwaka 1999 na zaidi ya dola 274 mwaka 2017. Madalali walikana na kuvirushia viwanda lawama, nami sivitetei viwanda hata kidogo. Hata hivyo, mgonjwa ambaye bima yake haianzi kumlipia mpaka ametoa kiasi fulani mfukoni mwake hutozwa kwa kufuata bei iliyotangazwa, na punguzo lililopatikana kwa jina lake huenda kwa wengine.

Wapo wanaosema kwamba uwazi unatosha. Mwaka 2018 Congress ilipiga marufuku vifungu vilivyomziba mfamasia mdomo asimwambie mgonjwa kwamba kulipa taslimu, bila bima, kungekuwa nafuu kwake. Sheria hiyo ni njema, lakini mapato ya dalali haikuyagusa. Maoni yangu ni kwamba dalali alipwe ada maalumu kwa kila dawa anayoishughulikia, ada isiyopanda pamoja na bei, na kila punguzo lifike kwa mwenye bima au kwa mgonjwa mwenyewe.

Nani aweke kanuni hiyo? Majimbo yamejaribu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 bila hata moja ya kupinga, ilikubali sheria ya Arkansas inayomlazimu dalali kulipa duka angalau gharama ya manunuzi. Wengi tulidhani mlango umefunguka. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikabatilisha sehemu kubwa ya sheria ya Oklahoma iliyohusu mtandao wa famasia, yaani maduka ambayo bima hukubali kuyalipa, ikisema kwamba inaingilia sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda mipango ya mafao ya waajiri, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Mwaka huohuo Arkansas ilipowakataza madalali kumiliki famasia, jaji wa shirikisho aliizuia sheria hiyo kabla haijaanza kutumika.

Waajiri wakubwa wana hoja ya kweli: mwenye wafanyakazi katika majimbo 50 hawezi kuendesha mpango mmoja wa bima kwa kanuni 50. Kwa sababu hiyo suala la malipo ya dalali naliona ni la Congress, kwa nchi nzima, hata kama litadai kurekebisha ile sheria ya 1974. Suala la umbali wa famasia, na la duka dogo la kijijini kukubaliwa katika mtandao, liachiwe majimbo, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni wilaya gani imebakiwa na duka moja.