Difu ya Mbio Haikupi Mbio

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie namna ya kuchagua difu ya gari la zamani la mbio za chumvi, kisha akaninong'oneza nisirudie yale mambo yangu ya mtelezo wa tairi. Nitajitahidi. Ahadi sitoi.

Bonneville, ule uwanda wa chumvi wa mbio kule Utah, Marekani, siielezi, picha zake mmeziona hadi mmechoka. Krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, nazo siwaelezi, maana naona hapa mbele mikono ambayo haijawahi kutoka grisi. Naanzia penye ubishi.

Mtu ana Ford ya zamani. Bodi ya 1929 au ya 1932, haidhuru. Ndani ameweka V8 ya Ford au Mercury yenye vali za ubavuni, zile za 1932 hadi 1953 ambazo kule zimetengewa daraja lao, XF. Tuseme mwaka jana gari lilimpa maili 120 kwa saa akiwa na difu ya 3.27, yaani kwenye gia ya juu injini inazunguka mara 3.27 gurudumu likizunguka mara moja. Namba ikiwa ndogo tunaiita difu ndefu, ya mbio; ikiwa kubwa ni fupi, ya mzigo. Mwaka huu anataka 150. Anashika kalamu. Hesabu yenyewe mnaijua: raundi za injini zidisha kwa kipenyo cha tairi kwa inchi, gawanya kwa 336, gawanya tena kwa uwiano wa difu, unapata maili kwa saa, gia ya juu ikiwa moja kwa moja. Injini yake kilele cha nguvu ni raundi 5,000, tairi ni inchi 28. Ili apate 150 anahitaji difu ya 2.78. Anaitafuta, anailipia pesa nyingi, anaifunga, anaipeleka chumvini. Gari linapita kwa maili 115.

Halafu anakuja kwangu kusema kabureta ina walakini.

Kabureta haina kosa! Hesabu yake nayo ni sahihi, ila imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Imemwambia gari lingekwenda kasi gani kama injini ingeweza kufika raundi 5,000 na difu ile. Kama itaweza, hiyo hesabu haijui, kwa sababu upepo haumo ndani yake. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hupanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Kutoka 120 kwenda 150 ni nyongeza ya robo kwenye kasi, lakini kwenye nguvu ni karibu mara mbili. Sasa muulize huyu bwana: mwaka huu umezidisha nguvu ya injini mara mbili? Atakuambia amesafisha njia za hewa na kubadili kemshafti. Vizuri. Lakini hiyo si mara mbili.

Kuna ubaya zaidi. Ukiwa na difu ya 2.78, kwenye maili 120 injini inazunguka raundi 4,000 tu. Mwaka jana kwenye kasi hiyohiyo ilikuwa karibu na kilele chake. Umeishusha chini ya kilele, nguvu imepungua, na sasa hata ile 120 ya zamani haifikii. Difu haitengenezi nguvu hata ya farasi mmoja. Kazi yake ni kuchagua kasi ambayo injini itakuwa imesimama kileleni. Ukiichagulia kasi isiyoiweza, umeinyima kilele, basi.

Najua kuna mtu pale nyuma anataka kusema: "Fundi, hizi V8 za zamani sifa yake ni msokoto, ile nguvu ya kuzungusha, kwenye raundi za chini, raundi 4,000 hazina shida." Msokoto wa chini unanasua lori kwenye tope, sibishi. Lakini ukiwa kwenye maili 120 upepo hauulizi msokoto, unadai nguvu: msokoto zidisha kwa raundi. Ukishusha raundi umelipa nusunusu.

Kwa hiyo anza na kasi ambayo gari limeshathibitisha, ongeza kile ambacho nguvu mpya inaweza kweli kulipia, kisha tafuta difu itakayokuweka kileleni hapo au juu yake kidogo. Nguvu mpya asilimia kumi? Kasi itapanda kama asilimia tatu. Kutoka 120 utafika 124 hivi. Inauma, najua. Na kama huna hakika, elemea upande wa difu ya mzigo kuliko ya mbio. Kidogo tu, tafadhali, injini hizi zina beringi kuu tatu kwenye krenki na hazifurahii kupigishwa kelele.

Haya, sasa lile nililokatazwa. Mwenyekiti atanisamehe.

Nimesema difu ya 3.27, tairi inchi 28, raundi 5,000. Fanyeni hesabu. Inatoka maili 127. Lakini karatasi ya muda, ile ya wapima kasi, ilisema 120. Zile saba zimekwenda wapi? Zimebaki kwenye chumvi! Magurudumu yamezunguka zaidi ya njia iliyopitwa, karibu asilimia sita. Dereva haisikii, gari haliyumbi, moshi hakuna. Yeye anaona mshale wa raundi uko kwenye 5,000 na anasema, "Injini imemaliza raundi, difu imekuwa fupi." Hapo ndipo 2.78 inapozaliwa. Yote yanaanzia kwenye kusoma mshale bila kuuweka kando ya karatasi ya muda.

Hili halikuanza na vijana wa leo. Mtazameni Malcolm Campbell, Mwingereza, na Blue Bird yake. Februari 1932, ufukweni Daytona, Florida, alifika maili 253.97 akiwa na injini ya ndege, Napier Lion, nguvu za farasi kiasi cha 1,450. Mwaka uliofuata akaing'oa, akaweka Rolls-Royce R, ndugu wa ile iliyoruka kwenye ndege za majini za mashindano ya Schneider, kiasi cha farasi 2,300. Fanyeni ile hesabu ya kasi mara kasi mara kasi. Kwa nguvu hiyo angetakiwa kukaribia maili 300. Alipata 272.46. Farasi mia nane na zaidi wameongezwa, kasi imepanda maili kumi na nane na nusu!

Mngemshauri nini? Difu ndefu zaidi? Magurudumu yalikuwa yanateleza juu ya mchanga, na yeye alilijua hilo. Mwaka 1935 gari likarudi na magurudumu pacha nyuma, mawili kila upande, ili yashike zaidi. Machi akapata 276.82 palepale Daytona. Ufukwe mbovu, mabonde, hakuridhika. Septemba mwaka huohuo akalipeleka gari lilelile, injini ileile, kwenye chumvi ya Bonneville, na likatoka na 301.13. Kwa hesabu ya upepo peke yake, tofauti hiyo ni kama kuongezewa zaidi ya robo ya nguvu. Nakubali hewa ya Utah ni nyepesi, msinirukie, nitalifikia. Lakini sehemu kubwa ni ardhi: njia ndefu, ngumu, tambarare. Jambo la ardhi na tairi lilitibiwa kwa ardhi na tairi.

Na ndiyo maana nasema mtelezo hautibiwi kwa difu. Ukiwa umefika kasi yako ya mwisho, msukumo unaotakiwa ardhini ni uleule wa kuushinda upepo na chumvi, uwe na 2.78 au 4.11. Tairi haijui ndani ya difu kuna meno mangapi. Kinachosaidia ni uzito juu ya ekseli ya nyuma, upepo wa tairi, na kuchagua mstari ambao chumvi yake haijachimbwa na waliotangulia. Wanaotoka kwenye mbio za robo maili husikia neno uzito wakashika kichwa. Ninyi wa robo maili mna robo maili, wa chumvini wana maili nzima nzima za kujikusanya. Kule watu hufunga madini ya risasi na vyuma kwenye chasisi kwa makusudi.

Basi fanya hivi. Kila mbio, andika raundi ulizoziona kwenye ile maili ya kupimwa, linganisha na karatasi, pata mtelezo wako. Halafu uuingize kwenye hesabu ya difu: asilimia sita ina maana unazidisha kasi ya hesabu kwa 0.94. Kipenyo cha tairi nacho usikisome kwenye mpira wa tairi. Dereva aketi ndani, weka alama ya chaki, sukuma gari hadi gurudumu limalize mizunguko kadhaa, pima kwa utepe, gawanya. Tena tairi za zamani za nyuzi za mshazari hutanuka zikizunguka kasi, kwa hiyo kasini difu yako ni ndefu kuliko unavyodhani, wakati mtelezo unavuta upande mwingine. Ndiyo sababu mbio moja iliyoandikwa vizuri inashinda wiki nzima ya kalamu.

Hewa, niliahidi. Bonneville iko futi 4,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Agosti joto huifanya hewa iwe kama ya juu zaidi. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kila mtu analisema hilo kwa huzuni. Wanasahau kwamba upepo unaopaswa kupasuliwa nao umepungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Mzigo ambao haupungui ni wa chumvi chini ya tairi. Kwa hiyo usikimbilie kubadili difu kwa sababu ya mwinuko peke yake. Ukibadili, elemea upande wa mzigo kidogo tu, subiri karatasi.

"Gari litaondokaje na difu ndefu?" Linasukumwa na pikapu, kijana. Kuondoka si tatizo. Tatizo ni kutoka gia ya pili kwenda ya tatu kwenye giaboksi la Ford la gia tatu. Kama ya pili ni 1.6, unatoka raundi 5,000 unaangukia 3,100 hivi, na ukiwa na difu ndefu mno upepo unakushika hapohapo, unakaa hapo hadi njia iishe. Gia za gari la Lincoln Zephyr, ukiziweka kwenye giaboksi hilo, hupunguza shimo hilo la raundi. El Mirage, lile ziwa kavu la mbio kule California, ambako una maili 1.3 tu za kujikusanya, shimo hilo linakumaliza kabisa. Difu ya Bonneville usiipeleke kule.

Naonyeshwa saa. Upesi upesi: kama mfuko unaruhusu, nunua difu ya Halibrand ya kubadilisha haraka. Unafungua kifuniko cha nyuma, unatoa jozi ya gia, unaweka nyingine. Jozi ya meno 20 na 24 juu ya krauni ya 4.11 inakupa 3.43 upande mmoja, ukiigeuza inakupa 4.93. Difu iliyofungwa ili magurudumu yazunguke pamoja: ndiyo, funga. Oili na tundu la kupumulia difu: nilikuwa na mengi, tuyaache.

La mwisho kabla ya maswali. Kule Bonneville, ukishafuzu kwa rekodi, gari linaingia zizini, yaani eneo la kufungiwa magari, unapewa saa nne za kulishughulikia, na asubuhi unarudia, kisha wastani wa mbio mbili ndio rekodi. Usiku huo kila mtu atakujia na ushauri wa kubadili difu. Kama mbio ya kwanza ilikufikisha kileleni, kaza nati, jaza petroli, mkalale.