Goti, presha na sukari: magonjwa yanavyoitana uzeeni

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana mliowasindikiza karibuni, leo nawahitaji hasa nyie maana ndo mnaotumwa dukani kununua dawa.

Nianze na mama yangu mzazi. Ana miaka 71, yuko Muheza, na kwake goti ndo lilianza. Goti likiuma mtu haendi shamba, hata kwa jirani hafiki, anashinda barazani, mwili unaongezeka, mwili ukiongezeka goti nalo linazidi kuelemewa, presha ikaja, baada ya miaka kama mitatu wakampima wakamwambia na sukari ipo. Watu wakaanza kusema karogwa, magonjwa matatu kwa mpigo! Hakurogwa jamani. Haya magonjwa yanaitana.

Umri wenyewe unachangia, mishipa inakakamaa, na kama wazazi wako walikuwa na sukari nawe uko karibu nayo, hapo huna ujanja. Ila yapo tunayoyaweza: sigara, pombe, kitambi, kukaa tu kutwa, moshi wa kuni ambao mama zetu wameuvuta miaka 40 kwenye mafiga, na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko cha chai kisichojaa, na hapo ushahesabu ya mchuzi, ya kachumbari, ya mkate, ya samaki wa ng'onda, yote.

Kinachoniuma zaidi mimi ni dawa. Siku moja nikafungua mfuko wa mama, ule wa nailoni anautundika nyuma ya mlango, chini kabisa ya dawa za presha nikakuta diklofenaki, dawa ya maumivu, karatasi nne, tatu zimeisha. Anameza kila siku, miezi na miezi, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Inatuliza goti kweli, sikatai, lakini inafanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji, presha haisikii dawa, na figo ambazo presha na sukari zishaanza kuzila zinapigwa tena mara ya tatu. Kliniki wao kila akienda presha iko juu wanaongeza dozi tu. Kwa walichokiona hawakukosea, tatizo presha ina kadi yake, sukari ina kadi yake na siku yake, goti halina kadi.

Tulirudi naye na mfuko wote, daktari akaisimamisha ile diklofenaki, akampa parasetamo na zoezi la kukaa kwenye kiti, unanyoosha mguu, unahesabu mpaka tano, unashusha. Sasa hivi anafika sokoni kwa miguu, pole pole lakini anafika.

Haya, mama mwenye kitenge cha njano, naona umekuja na mfuko wako, lete hapa mezani tuanze na wewe, na zile za kienyeji pia zitoe tu mama, sikugombezi.