Kusubiri Nako ni Mwendo: Roboti Zinavyopishana Ghalani

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za mchana.

Kabla sijataja kompyuta, naomba watu wawili waje hapa mbele. Dada wa ushungi wa kijani, njoo. Na wewe kaka wa shati jeupe. Huu ujia kati ya viti una upana wa kigae kimoja na urefu wa vigae vitano. Dada, simama kigae cha kwanza. Kaka, cha tano. Kila mmoja anataka kufika alipo mwenzake. Ubavuni mwa kigae cha tatu nimeondoa kiti kimoja, kwa hiyo pana upenyo wa mtu mmoja kujibanza. Kila nikipiga kofi, mnapiga hatua moja au mnabaki mlipo. Haya.

Mmeona wenyewe. Makofi mawili tu, na wote wawili wanakikanyaga kigae cha tatu kwa pamoja. Wala hakuna aliyekosea: kila mmoja ameshika njia yake fupi kuliko zote, hatua nne. Kumtafutia msafiri mmoja njia fupi ni jambo lililopata dawa zamani. Mwaka 1968, Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa Stanford Research Institute, walichapisha algorithimu, yaani utaratibu wa hatua ambao kompyuta huufuata, iitwayo A*, na hadi leo inafundishwa darasa la kwanza la akili bandia. Shida huanza wasafiri wanapokuwa wawili.

Turudie, safari hii dada ana kipaumbele: yeye anakwenda moja kwa moja, kaka ndiye ajipange. Kofi la kwanza, kaka yuko kigae cha nne. La pili, anataka kuingia cha tatu ili aupate upenyo, lakini dada ameshafika. Kaka amekwama. Tukimpa kaka kipaumbele, atakwama dada. Njia hii ya kupanga mmoja mmoja kwa zamu ya ukubwa ilielezwa na Michael Erdmann na Tomás Lozano-Pérez mwaka 1987, na bado inatumika sana kwa sababu ni nyepesi. Ila katika ujia huu haifui dafu, hata ukibadilisha nani awe mkubwa.

Sasa sikilizeni kwa makini. Dada, kofi la kwanza usiondoke. Simama tu. Kaka anafika cha nne. Kofi la pili: dada cha pili, kaka cha tatu. La tatu: kaka anajibanza kwenye upenyo, dada anaingia cha tatu. La nne: dada cha nne, kaka anarudi cha tatu. Dada amefika kwa makofi matano, kaka kwa sita. Jumla 11, badala ya nane walizotamani.

Naomba tusipite haraka hapa. Dada alisimama wakati mbele yake ni kweupe. Hapakuwa na mtu kigae cha pili, na yeyote anayemtazama yeye peke yake angeona anapoteza muda. Lakini safari yote imefunguliwa na kofi hilo moja. Aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati anajua: treni inasimama kwenye kituo kidogo porini, hakuna anayeshuka wala anayepanda, abiria wananung'unika. Njia ni moja, na kuna treni nyingine inakuja. Kwa mpangaji, kusubiri si kukosa la kufanya. Ni hatua kama hatua nyingine, na ina gharama yake. Ndiyo maana ramani ya roboti haiandikwi kwa vigae tu. Huandikwa kwa kigae na wakati: kigae cha tatu kwenye kofi la pili ni mahali tofauti kabisa na kigae hicho hicho kwenye kofi la tatu.

Kompyuta inaligunduaje kofi hilo? Mwaka 2012 Guni Sharon na wenzake watatu walileta njia ninayoipenda kwa uwazi wake. Mwache kila mmoja apange peke yake. Kisha tafuta mgongano wa kwanza: dada na kaka, kigae cha tatu, kofi la pili. Hapo ugawe matawi mawili: katika moja dada amekatazwa kuwa pale wakati ule, katika jingine kaka. Panga upya, endelea na lile lenye gharama ndogo, tafuta mgongano unaofuata. Ukimaliza, una uhakika hakuna mpango wa gharama ndogo zaidi. Tatizo ni kwamba kila mgongano unazaa matawi mawili. Migongano 20 inaweza kukupeleka kwenye matawi zaidi ya milioni moja.

Na ghala si watu wawili. Amazon iliinunua kampuni ya Kiva Systems mwaka 2012 kwa dola milioni 775, kwa ajili ya roboti fupi zinazoingia chini ya rafu, zinaiinua na kuipeleka kwa mfungaji mizigo, zikisoma alama zilizobandikwa sakafuni. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja katika maghala yake. Kwa wingi huo, mpango bora kabisa tunauacha. Tunatafuta ulio mzuri, upatikane kabla roboti hazijaanza kusubirishana bure.

Halafu dunia haifuati makofi yangu. Gurudumu linateleza, kitu kinaanguka sakafuni. Julai 2021, katika ghala la Ocado, kampuni ya Uingereza inayouza vyakula mtandaoni, huko Erith, kusini mashariki mwa London, roboti tatu ziligongana na moto ukawaka. Walifika wazimamoto wapatao 100. Kwa hiyo rudini kwenye ujia. Kaka, safari hii kofi la pili chelewa kwa makusudi, baki cha nne. Dada, wewe fuata saa yako.

Naam. Kofi la tatu, mmekutana tena kigae cha tatu. Mpango ulikuwa sahihi, ila uliandikwa kwa saa. Sasa nauandika upya bila saa: dada, usiingie cha tatu mpaka kaka awe ameshajibanza. Kaka, usitoke kwenye upenyo mpaka dada awe ameshakiacha cha tatu. Chelewa utakavyo. Mmefika salama, mkiwa mmechelewa kidogo. Tulichokishika ni zamu ya kupita kila kigae, na zamu haivunjwi na gurudumu lililoteleza. Mimi nikipewa ghala leo, hapo ndipo nitakapoanzia, kabla ya kuhangaikia mpango wa hatua chache zaidi.

Asanteni, kaeni. Wengine, zoezi la Alhamisi: rudisheni kiti kando ya kigae cha tatu, mwondoe kile kilicho kando ya cha nne. Je, bado dada lazima asimame mwanzoni? Na kipaumbele kikipewa nani, njia ya mwaka 1987 itafanya kazi? Lijaribuni kwa miguu yenu kwanza, kalamu baadaye.