Kilifi ipi? Hodi ya kwanza inapigwa wapi mtoto akiugua

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, hamjambo? Asanteni kwa kunialika.

Nianze na swali. Mtoto akishikwa na homa usiku huko Bamba, ndani Ganze, katika kaunti yetu hii ya Kilifi pwani ya Kenya, hodi ya kwanza inapigwa mlango gani? Ukiwauliza wakubwa wa ofisini watakwambia zahanati. Mama yeyote aliyeketi hapa anajua kwamba si hivyo. Hodi ya kwanza ni dukani. Ya pili ni kwa jirani mwenye pikipiki. Zahanati inakuja ya tatu, tena kama kumekucha.

Si jambo la jana wala juzi. Miaka ya tisini, watafiti wa hapahapa Kilifi waliona kwamba kuwakemea watu wasinunue dawa dukani ni kupoteza pumzi, wakaamua kuwafunza wenye maduka. Kabla ya mafunzo, kati ya watoto walionunuliwa dukani klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, waliopata kipimo cha kutosha hawakufika 4 kwa kila 100. Baadaye walizidi 60. Klorokwini yenyewe imeshastaafu, vimelea vya malaria viliizoea, lakini duka lingali palepale penye njia panda.

Kilifi imeifundisha dunia mengi, na ni haki tujivunie. Taasisi ya utafiti ya KEMRI, shirika la serikali la utafiti wa tiba, na Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, imekaa ubavuni mwa hospitali yetu ya kaunti tangu 1989. Jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa katikati ya miaka ya tisini lilionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa thuluthi moja. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimonia. Miaka michache baadaye, maambukizi makali ya zile aina za vijidudu ambazo chanjo inazilenga yalikuwa yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Na malaria iliposhuka, bakteria za kwenye damu nazo zilishuka, kwa kuwa mtoto aliyedhoofishwa na malaria ni rahisi kuvamiwa na maradhi mengine.

Sasa hapa naomba tukae kidogo. Hesabu hizi, hasa za chanjo, zinatoka wapi?

Tangu 2000, kuna watu wanaohesabiwa na watafiti wa taasisi hiyo nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Ni kama watu 300,000, katika eneo la takriban kilomita za mraba 900 kuzunguka hospitali. Kaunti nzima ni zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na sensa ya 2019 ilitupata watu 1,453,787. Fanyeni hesabu wenyewe. Kilifi inayosomwa London na Geneva ni kipande kisichofika hata sehemu moja ya kumi ya ardhi yetu, na ni kipande kilicho karibu na lami.

Watafiti hao hao walipima muda wa safari kutoka nyumbani hadi kituo cha afya, wakakuta kwamba umbali hauelezi vifo vya watoto katika eneo hilo. Nimewahi kumsikia mtu akiyatumia matokeo hayo kudai kwamba shida ya umbali Kilifi imekwisha. Jamani! Wenyewe waliandika wazi kwamba ni mahali penye vituo vingi. Mpeleke msemaji huyo Magarini ndani, baada ya Marafa, mvua ikiwa imenyesha, kisha arudie maneno yake.

Na kilomita zenyewe ni sehemu ndogo ya safari. Mtoto akianza kutetemeka na macho kugeuka, wengi watasema ni dege. Huku kwetu utasikia nyuni. Bibi atataka kwanza atibiwe kienyeji. Simlaumu, ndiye aliyelea watoto wengi kuliko mimi. Halafu baba yuko Mtwapa kwenye kibarua, hela iko kwenye simu yake, na simu imezimika. Halafu bodaboda wa usiku anataka nauli mara mbili. Hapo saa nne zimekwisha na hakuna aliyetoka boma.

Mkifika, je, mtamkuta nani? Zahanati nyingi zinasimama kwa muuguzi mmoja au wawili. Mwaka 2017 wauguzi walipogoma kwa takriban miezi mitano ndipo watu walipoelewa kwamba muuguzi ndiye zahanati. Jengo tunalo, na wakati wa kampeni tunaongezewa jingine na kukatiwa utepe.

Suala la pesa nitalipita upesi kwa sababu mtaliuliza tu. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, bima ya afya ya taifa. Huduma za zahanati na kituo cha afya hazidai mchango, mradi umejiandikisha. Ukilazwa hospitali kubwa, mchango lazima uwe umelipwa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Mfumo ulipoanza, mama anayeuza mnazi au makaa alipangiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya shilingi 3,600. Aliyepanga hivyo sidhani amewahi kuishi kwa hela ya leo kwa leo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti ni dogo, na halihitaji jengo. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanazo simu za kazi na wanapita kila boma. Mtoto akifa, au mama akifa kwa uzazi, waandike nyakati nne tu: saa ugonjwa ulipoonekana, saa walipotoka nyumbani, saa walipofika, na saa walipoguswa na mhudumu. Waandike Ganze na Magarini kama wanavyoandika hapa mjini. Kila baada ya miezi mitatu karatasi hiyo ibandikwe ukutani ofisi ya chifu, tuisome wote.

Haya, maswali. Mama mwenye leso nyekundu, nimekuona umeinua mkono tangu nilipomtaja bibi.